CRH, vasopresini au NPY: ufuate ipi ukitaka kuelewa kotisoli inafanya nini kichwani

Mtu akiuliza "peptidi gani ya ubongo inahusika na stresi" (peptidi ni minyororo mifupi ya asidi amino, niuroni zinaitumia kupeana ujumbe) majibu yanajulikana kabla hata hayajaandikwa, mmoja atasema CRH (peptidi inayoanzisha mzunguko wa homoni za stresi), mwingine oksitosini, watatu atakuja na NPY (nyuropeptidi Y), wote watakuwa sahihi alafu aliyeuliza atabaki pale pale alipokuwa. Swali lenyewe limekaa vibaya ndo shida. Peptidi hizi huzichagui kwa jina, unaangalia kwanza ni sehemu gani ya ubongo unaitaka na stresi yako ni ya nusu saa au ya wiki tatu, jina linakuja mwisho kabisa. Kwa hiyo nimeamua nizipange hizi tatu kubwa pamoja, na nyingine chache za pembeni nitazigusa tu, kwa ajili ya yeyote anayetakiwa achague moja, iwe ya tasnifu, ya semina, au anataka tu kujua aanzie kusoma wapi.

Kwanza tuwekane sawa kwenye homoni yenyewe. Ninayoiongelea hapa ni kotisoli, homoni ya stresi inayotolewa na tezi za adrenali. Panya wa maabara wao homoni yao kuu ni kotikosteroni, kazi ni ile ile, ukikutana nayo kwenye tafiti usidhani ni kitu kingine. Adrenalini nayo ni homoni ya stresi, tena ndo maarufu mtaani, ila kwa mada hii inakaa pembeni kidogo kwa sababu haivuki vizuri ule ukuta unaotenganisha damu na ubongo, ujumbe wake unafika kwa kuzunguka, kupitia neva ya vagasi mpaka shina la ubongo. Kotisoli yenyewe asili yake ni mafuta mafuta hivi, inapenya tu, inaingia mpaka ndani ya seli na kukuta resepta zake, yaani vipokezi vyake, zinaisubiri huko.

Na resepta ni mbili, hapa naomba usiparuke maana ulinganisho wote unasimama hapa. Kuna MR (resepta ya mineralokotikoidi) na kuna GR (resepta ya glukokotikoidi). MR inaishika homoni kwa nguvu kama mara 10 ukilinganisha na GR, maana yake hata ukiwa umetulia zako MR nyingi tayari zimeshikwa, GR ndo zinaanza kujaa homoni ikipanda, yaani wakati wa stresi au kwenye kile kilele chake cha kila siku. Bruce McEwen na wenzake mwaka 1968 walionyesha kotikosteroni inajikusanya kwenye hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, jambo ambalo liliwafanya watu waanze kuuchukulia ubongo kama mpokeaji wa homoni hizi na siyo mtoa amri tu, alafu mwaka 1985 Reul na de Kloet wakazitenganisha hizo resepta mbili. MR zimejazana zaidi hipokampasi, GR ziko karibu kila kona. Zikishashikwa zinaingia kwenye kiini cha seli na kwenda kugusa jeni, na jeni ya peptidi ni jeni kama nyingine, inaweza kupandishwa au kushushwa. Ndo maana athari nyingi zinachukua kuanzia nusu saa hivi mpaka masaa mengi. Kuna na njia ya haraka, ya dakika chache tu, nitaisema huko mbele.

Haya tuanze.

CRH

Hii ndo mama wa zote. Ina asidi amino 41, ilitambuliwa mwaka 1981 na timu ya Wylie Vale pale Salk Institute, California, kutoka kwenye haipothalamasi za kondoo (sehemu ya chini ya ubongo inayoongoza homoni), na zilihitajika nyingi mno kwa sababu kiasi chake ni kiduchu. Watu walikuwa wanajua kitu hiki kipo tangu miaka ya 50, Geoffrey Harris alishajenga hoja kwamba ubongo unaiamuru tezi ya pituitari kwa kemikali zinazopita kwenye vimishipa vidogo vya damu, lakini kuikamata hiyo kemikali ndo ilichukua zaidi ya miaka 25.

Mzunguko wake kila mtu anaujua, nitaupitisha haraka: kuna kikundi kidogo cha niuroni ndani ya haipothalamasi kinaitwa PVN, stresi ikija kinamwaga CRH, CRH inaifikia pituitari, pituitari inatoa ACTH, ACTH inazifuata tezi za adrenali juu ya figo, kotisoli inatoka, inafika kileleni kama dakika 20 mpaka 30 tangu stresi ianze. Alafu kotisoli inarudi kichwani na kuiambia PVN basi inatosha, jeni ya CRH inashuka. Huo ndo mrejesho ambao kila kitabu kinauchora na mshale wenye alama ya kutoa.

Sasa kama ungeishia hapo ungeamini kotisoli ni breki ya CRH. Watu wengi wanaishia hapo kweli, na wanaandika hivyo kwa kujiamini kabisa. Ila mwisho wa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 ikaonekana jambo la ajabu: panya ukimpa kotikosteroni kwa wingi CRH ya PVN inashuka kama ilivyotarajiwa, lakini CRH ya amigdala, ile sehemu yake ya kati, inapanda. Na ile ya jirani yake, kiini kimoja kinaitwa BNST, nayo inapanda. Homoni moja, jeni moja, mnyama mmoja, siku hiyo hiyo, huku inashuka huku inapanda. Makino, Gold na Schulkin waliliandika hili vizuri mwaka 1994.

Hebu tulia hapo kidogo. Amigdala ndo sehemu inayoshughulika na hofu na tahadhari. CRH ya pale haina kazi ya kuita ACTH, inafanya kazi kama mjumbe kati ya niuroni na niuroni, na ikimwagwa mnyama anakuwa na wasiwasi, anakakamaa, anashtuka hovyo. Kwa hiyo kotisoli inayoizima PVN ndo hiyo hiyo inayochochea kuni upande wa hofu. Mtu ambaye kotisoli yake imekuwa juu kwa muda mrefu anaweza kuwa na mzunguko wa homoni uliobanwa na wakati huo huo wasiwasi wake unazidi, na hakuna mgongano wowote, ni CRH mbili tofauti. Kondo la nyuma kwa wajawazito nalo linafuata tabia ya amigdala, kotisoli inapandisha CRH pale badala ya kuishusha, kwa hiyo amigdala siyo kituko cha peke yake.

Kinachotofautisha ni kwamba GR ikishaingia kwenye kiini cha seli haifanyi kazi peke yake, inakutana na protini nyingine zinazosaidia kusoma jeni, na mchanganyiko wa protini hizo niuroni ya PVN unao wake na ya amigdala unao wake. Isitoshe PVN inapokea amri kutoka sehemu nyingi, nyingine zinasukuma nyingine zinazuia, na kotisoli inaweza kuibana PVN bila hata kuigusa jeni ya CRH, kwa kuzinyamazisha zile zinazosukuma. Ile njia ya haraka niliyosema ndo hii: mwaka 2003 kundi la Jeffrey Tasker lilionyesha kwamba homoni ikigusa niuroni za PVN, ndani ya dakika zinatoa kemikali za jamii ya zile zinazofanana na bangi ambazo mwili unajitengenezea wenyewe, zinarudi nyuma na kuzuia ishara za kusisimua zisiingie. Yaani kabla jeni haijasikia chochote tayari mlango umeshasukumwa.

Uzuri wa kuchagua CRH ni kwamba fasihi yake ni kubwa mno, vipimo vipo, panya waliobadilishwa jeni wapo, resepta zake mbili (CRH1 na CRH2) zinajulikana, na ndugu zake wa jamii ya urokotini nao wameshaelezwa, wa kwanza 1995 na wawili waliofuata 2001. Ubaya wake ni huo huo, ukubwa. Ukiingia bila kuchagua sehemu utazama.

Kuna na somo la dawa hapa. Mwaka 1984 Charles Nemeroff na wenzake walikuta CRH iko juu kwenye maji ya uti wa mgongo ya watu wenye sonona, ikaonekana basi tukiziba resepta ya CRH1 sonona imekwisha. Makampuni yakatengeneza dawa, majaribio yakafanyika kwa miaka, na kwa sonona na wasiwasi kwa ujumla hazikufua dafu. Alafu Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ikapitisha dawa moja ya aina hiyo hiyo, krinesafonti, lakini kwa ugonjwa mwingine kabisa, ule wa kuzaliwa ambapo tezi za adrenali hazitengenezi kotisoli vizuri kwa hiyo breki haipo na ACTH inabaki juu. Pale CRH inayozibwa ni ile ya kwenda pituitari, mzunguko unaojulikana, matokeo yanapimika kwenye damu. Upande wa hofu na huzuni mambo yako ndani, yamechanganyika na peptidi nyingine kibao, kuziba mlango mmoja hakujatosha.

Vasopresini

Hii wengi wanaijua kama homoni ya kuzuia mkojo, na ni kweli, niuroni kubwa za haipothalamasi zinaimwaga kwenye damu ili figo zirudishe maji. Hizo ziache. Tunayoitaka hapa inatengenezwa na niuroni ndogo za PVN, tena mara nyingi zile zile zinazotengeneza CRH. Kwa panya aliyetulia takriban nusu ya niuroni za CRH zina vasopresini pia ndani yake, na stresi ikijirudia siku baada ya siku zinaongezeka, na kila moja inabeba nyingi zaidi.

Ina asidi amino 9 tu. Peke yake kuiamsha ACTH ni dhaifu, kidole kimoja hakivunji chawa, ila ikimwagwa pamoja na CRH matokeo yake yanazidi jumla ya zote mbili, kwa sababu kwenye seli za pituitari kila moja inapita njia yake, CRH inatumia cAMP (kemikali ya kupeleka ishara ndani ya seli) na vasopresini kupitia resepta yake ya V1b inatumia kalsiamu na vimeng'enya vya PKC, zinakutana mbele huko.

Sasa kotisoli inaifanyaje? Inaibana, tena sana. Ukimtoa panya tezi za adrenali, homoni ikapotea, vasopresini kwenye hizo niuroni ndogo inapaa kwa kiasi cha kushangaza, ukimrudishia homoni inashuka. Kwa hiyo ungetegemea kwenye stresi ya muda mrefu, kotisoli ikiwa juu, vasopresini iwe chini. Kumbe wapi. Kwenye stresi inayojirudia CRH mara nyingi inalegea, mnyama kazoea, lakini vasopresini inachukua nafasi na upande wa pituitari ishara yake haizimwi kirahisi na kotisoli kama ya CRH. Ndo inayoueleza ule utata kwamba mnyama aliyezoea stresi fulani akipata stresi mpya tofauti anaruka juu kuliko hata ambaye hajawahi kupata stresi. Kama mwalimu wako au mada yako inataja stresi sugu, ya wiki, ya miezi, aisee CRH peke yake itakuangusha, chukua vasopresini.

Angalizo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Kuna vasopresini ya tatu, ya BNST na amigdala ya kati kwa ndani, hii inategemea testosteroni na madume wanayo nyingi kuliko majike. Ukichanganya panya dume na jike bila kupanga alafu ukapima ubongo mzima utapata namba zinazorukaruka na utadhani umekosea maabara. Kwa CRH tatizo hili lipo ila kwa vasopresini ndo limezidi.

Kwa upande wa kupima kwa binadamu, vasopresini yenyewe inasumbua, inaharibika haraka kwenye sampuli, kwa hiyo watu wanapima kopeptini, kipande kinachobaki pale mtangulizi wake anapokatwa, hiki kinatulia vizuri. Sawa, lakini kopeptini ya damu kwa sehemu kubwa inakuambia habari za niuroni kubwa, zile za maji. Mtu anaweza kuwa amekunywa maji kidogo tu asubuhi ukamwandikia ana stresi.

NPY

Hapa ndo penye mashabiki wengi siku hizi, na nawaelewa. NPY ina asidi amino 36, Tatemoto na Mutt waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982 huko Karolinska, Stockholm, na hiyo Y ni alama ya tairosini ambayo iko mwanzo na mwisho wa mnyororo. CRH ikiwa inaongeza wasiwasi kwenye amigdala, NPY inaushusha pale pale, hasa kupitia resepta ya Y1. Kwa hiyo hadithi inajiandika yenyewe: moja gesi, nyingine breki, na mtu mvumilivu ni mwenye breki nzuri.

Hadithi inavutia na kuna ushahidi wake. Charles Morgan na wenzake mwaka 2000 walipima wanajeshi wa Marekani kwenye mafunzo ya kuhojiwa kama mateka, NPY ya damu ilipanda wakati wa mahojiano na wale wa vikosi maalumu ilipanda zaidi. Kwa watu wenye PTSD (ugonjwa wa stresi unaofuata tukio la kutisha) imekutwa iko chini, kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo.

Lakini twende kwenye swali letu, kotisoli inaifanya nini NPY? Kwenye kiini cha akueti, sehemu ya haipothalamasi inayohusika na njaa, kotisoli inaipandisha, hilo liko wazi, ukitoa tezi za adrenali inashuka ukirudisha homoni inapanda, na NPY ya pale ikipanda mnyama anakula. Wanaokula ovyo wakiwa na stresi sehemu ya maelezo iko hapo. Kwenye amigdala picha inategemea muda: kwa panya aliyebanwa mara moja (yaani kufungiwa asijongee, ili apate stresi) NPY ya amigdala ilishuka, aliyebanwa siku nyingi mfululizo ikapanda, na yule wa siku nyingi alikuwa hana wasiwasi kama wa kwanza. Umeona? Muda tena.

Kinachoniudhi kwenye NPY ni namna watu wanavyoipima. NPY nyingi ya kwenye damu haitoki kwenye ubongo, inamwagwa na neva za simpathetiki pamoja na noradrenalini, mtu akikimbia ngazi inapanda. Kwa hiyo mtu anachukua damu, anapima NPY, alafu anaandika kuhusu amigdala. Wale wanajeshi wenyewe walipimwa damu, ni matokeo mazuri ila yanaongelea neva za mwili kwanza. Ukichagua NPY na huna uwezo wa kufika kwenye ubongo au maji ya uti wa mgongo, andika kuhusu neva za mwili kwa ujasiri, ni mada halali, usijifanye uko kwenye amigdala.

Za pembeni

Oksitosini najua nitaulizwa. Inatofautiana na vasopresini kwa asidi amino 2 tu kati ya 9 (Vincent du Vigneaud alipata Nobel ya kemia 1955 akiwa ndiye aliyeitengeneza maabara kwa mara ya kwanza), na stresi nayo inaimwaga. Mimi mwenyewe nilianzia huku kwa sababu ya sifa zake, peptidi ya mapenzi sijui ya kuaminiana, nikapoteza miezi kwa sababu vipimo vya damu vya bei nafuu visivyosafisha sampuli kwanza vinatoa namba kubwa mara nyingi kuliko vinavyosafisha, na havikubaliani. Kwa anayeanza simshauri.

Dainofini ni ya upande wa huzuni na kukosa raha. Avram Goldstein aliitambua 1979, inashika resepta ya kapa ya opioidi, na mwaka 2008 maabara ya Charles Chavkin ilionyesha CRH ikimwagwa inasababisha dainofini nayo imwagwe na ndo inayobeba ile hisia mbaya ya stresi. Tamu sana kuisoma, lakini angalia mpangilio: CRH ndo inayoisukuma moja kwa moja, kotisoli iko nyuma ya pazia. Kama mada yako inasema homoni, utajikuta unaandika kuhusu peptidi inayoathiri peptidi.

Enkefalini watu wanaisahau na mimi naona ndo chaguo la siri la mwenye muda mfupi. Ni vipeptidi vya asidi amino 5, viligunduliwa 1975 na Hughes na Kosterlitz huko Aberdeen, na kwenye straiyatamu ya panya (sehemu ya ndani ya ubongo) uhusiano wake na homoni ni mnyoofu: toa tezi za adrenali mRNA ya mtangulizi wake (nakala ya jeni inayotumika kuutengeneza) inashuka, rudisha homoni inapanda. Mshale mmoja. Haina mvuto wa NPY ila itakufundisha mantiki ya homoni na jeni bila kukuvuruga.

Kabla hujachagua, mambo ya kupima

Haya hayahusu peptidi moja, yanazikamata zote, na ndo yanayowaangusha watu kuliko uchaguzi wenyewe.

Ukisikia "peptidi ilishuka" uliza ilishuka nini. Kuna mRNA, kuna peptidi iliyohifadhiwa ndani ya niuroni, na kuna iliyomwagwa. Ukipima kipande cha ubongo ukakuta CRH kidogo inawezekana niuroni imeacha kutengeneza, na inawezekana vile vile imetoka kuimwaga yote dakika 10 zilizopita kwa hiyo ghala ni tupu kwa sababu biashara imechangamka. Maana mbili kinyume kabisa kutoka namba moja. Ukiweza kusoma mRNA na mmwagiko pamoja, ile ya kunyonya majimaji ya ubongo kwa kijibomba chembamba mnyama akiwa hai, unakuwa salama zaidi. Kama ni semina ya kusoma tu basi tenganisha tafiti kwa kipimo, usizitupe kwenye kapu moja.

Pili ni homoni gani umempa mnyama. Deksamethasoni ni nafuu na ina nguvu kwa hiyo wengi wanaitumia kama mbadala wa kotisoli. Tatizo inashika GR kuliko MR, na kwa dozi za kawaida ukuta wa ubongo unairudisha nje, kuna protini ya pampu inaitwa P-glaikoprotini kazi yake ni hiyo, kundi la Ron de Kloet lilionyesha hili 1998. Sasa fikiria kinachotokea: deksamethasoni inafika pituitari ambayo iko nje ya ukuta, inaizima ACTH, tezi za adrenali zinaacha kutoa homoni ya asili, alafu ubongo unabaki haujapata deksamethasoni ya kutosha na homoni yake ya asili imeondoka. Umedhani umemwongezea mnyama homoni ya stresi kumbe kichwani umempunguzia. Nimeona watu wakilinganisha matokeo ya deksamethasoni na ya kotikosteroni kama vile ni kitu kimoja alafu wanashangaa mbona CRH inagomana. Haigomani.

Hata kotikosteroni yenyewe njia ya kuitoa ina maana. Kidonge kinachopandikizwa chini ya ngozi kinatoa homoni muda wote bila kupumzika, wakati mwili wenyewe unaitoa kwa mapigo mapigo, takriban kila saa pigo moja. Ukiiweka kwenye maji ya kunywa angalau mnyama anakunywa zaidi usiku kwa hiyo mdundo wa siku unabaki kidogo. Na kama utatoa tezi za adrenali usisahau kumpa maji ya chumvi, aldosteroni, homoni inayotunza chumvi mwilini, nayo imeondoka, asipopata chumvi utakuwa unapima mnyama anayeishiwa maji, na vasopresini itakuambia hivyo kwa sauti kubwa.

Sasa uchague ipi

Kama ni mara yako ya kwanza na unataka mada itakayokubeba, chukua CRH, ila ikate vipande viwili, PVN na amigdala, uiweke kazi yako yote kwenye ule mgongano wa kushuka huku na kupanda kule. Hutakosa cha kusema. Kama stresi unayoiongelea ni ya muda mrefu chukua vasopresini na usome CRH kama jirani yake, maana huwezi kuieleza moja bila nyingine, lakini swali lako liwe kwa nini moja inachoka na nyingine haichoki. Kama unavutiwa na nani anastahimili na nani anavunjika, NPY, kwa sharti la sampuli nililotaja, na kama huna sampuli ya ubongo ni bora ubaki kwenye kiini cha akueti na njaa ambako tafiti za wanyama zimenyooka. Mwenye wiki 2 tu, enkefalini. Dainofini mwachie aliyeshaimaliza CRH.

Usichukue mbili kwa wakati mmoja ukiwa peke yako. Najua inashawishi kuandika CRH dhidi ya NPY, kichwa cha habari kinapendeza, lakini mshika mawili moja humponyoka, utajikuta kila moja umeipa kurasa ambazo hazitoshi na sehemu za ubongo hazilingani, CRH umeisoma PVN na NPY umeisoma akueti, hapo hujalinganisha kitu. Kama ni lazima ziwe mbili basi zote mbili ziwe amigdala, na stresi iwe ya urefu ule ule.

Na saa. Binadamu kilele chake cha kotisoli ni asubuhi anapoamka, panya kwa sababu anaishi usiku kilele chake ni jioni taa zinapokaribia kuzimwa. Ukichukua sampuli za panya saa 2 asubuhi ukidhani unamfananisha na mtu aliyeamka, GR zake nyingi ziko tupu wakati za mtu zimejaa. Andika saa ya kila sampuli na saa taa zinapowashwa chumbani kwa wanyama, na kama unasoma tafiti za wengine hiyo ndo mistari ya kwanza ya kutafuta kwenye sehemu ya mbinu, usipoikuta iweke pembeni hiyo tafiti mpaka umalize zenye saa.